Kifuniko cha Mashine ya Kusaga

Jumatatu, 7 Juni 1976. Kalenga.

Mashine ya kijiji inagonga. Ngo, ngo, ngo! Nimefurahi sana. Ijumaa kamati inachagua msimamizi wa mashine, mimi au Bartholomeo, na atakayeitibu ndiye atakayepata. Bartholomeo huweka kalamu mfukoni. Sijawahi kumwona akiandika.

Fundi Yohane wa Iringa mjini, aliyeifunga mashine, alituachia masharti. Unaweza kuizungusha kifuniko kikiwa wazi, uone inagonga wapi. Ila kwanza mahindi yote yatolewe, watu watoke nje, mtu ashike mkono wa kuzimia injini. Ukishaona, zima, funga, rudisha ufunguo wa kufuli la kifuniko kwa katibu. Si kitu cha kuachwa wazi wakati wa kazi, alisema. Mafundi hupenda kujifanya wana siri.

Jumanne, 8 Juni

Nimemwomba katibu, Mama Paskalina, ufunguo. Akauliza nani atashika mkono wa kuzimia. Nikasema mimi. Nani atachungulia? Mimi. Akaniuliza mimi, Jailos, nina vichwa vingapi. Nimenyimwa!

Sawa. Kufuli lile hata msumari unalifungua.

Jumatano, 9 Juni

Nimefungua. Mahindi sikuyatoa, nani ana muda? Wala akina mama waliokuja kusaga sikuwatoa. Bila mashahidi kamati itajuaje? Nikawaambia wasogee waone akili. Nikawasha.

Mungu wangu! Unga mpaka darini! Punje zikanichapa usoni. Mama Severina, aliyevaa gauni la kanisani, akawa mweupe kuanzia kilemba mpaka kandambili. Mkono wa kuzimia sikuuona kabisa. Bartholomeo ndiye aliyeingia akazima. Niliogopa sana, naandika ukweli.

Mahindi ya Mama Severina yameliwa na kuku. Nimeamriwa nimtwangie mengine. Kwa kinu!

Alhamisi, 10 Juni

Natwanga. Hapa kwetu mwanaume hatwangi, kwa hiyo kijiji kizima kimekuja kutazama. Mama Severina anasema nainua mchi kama naogopa kuuamsha.

Nikiwa kinuni nikamwona Bartholomeo akipewa ufunguo. Akatoa mahindi, akawatoa watu. Mama Paskalina akashika mkono. Wakafungua, wakawasha, wakachungulia, wakazima. Nyundo moja ya kusagia mle ndani imelegea. Wakaikaza kwa spana, wakafunga kifuniko, wakawasha tena. Haigongi tena! Nikapaza sauti kwamba wazo la kufungua lilikuwa langu. Hakuna aliyegeuka. Imeniuma.

Ijumaa, 11 Juni

Bartholomeo kachaguliwa. Niliomba kusema, nikaambiwa nikae. Mimi nimepewa pampu ya maji, kule mtoni, mbali na watu. Sharti ni moja: valvu iliyofungwa kwa waya isiguswe mpaka Yohane aje.

Nimefikiri sana. Kosa la Jumatano lilikuwa dogo tu. Mashahidi walisimama karibu mno.

Koleo la kukatia waya nimeshaazima. Kesho nawaalika wote, wasimame ng'ambo ya mto.