Kanuni ya Saba ya Makangaga

Babu yangu alikuwa mnyapara wa barabara, na barabara zake hazikuthubutu kupinda. Baba yangu alikuwa mkaguzi wa mizani. Hata mama alipopakua chakula, alipakua akiwa amesimama wima. Katika ukoo wetu hajapata kuzaliwa mtu aliyechelewa kazini, wala aliyecheka akiwa amevaa tai. Nayasema haya ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyeteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Makangaga.

Tangazo nililitoa mwenyewe mbele ya watumishi wote. Kuanzia siku ile, kile kipande cha nyuma ya ofisi za mji, penye unyevu na kivuli cha ukuta, ambapo kila ua lilikuwa limegoma kuota, kingekuwa Bustani ya Umma ya Makangaga ya Mapambo, ile mimea ya majani matupu inayopenda kivuli. Nilitunga kanuni arobaini na moja kwa mkono wangu. Niliyoipenda zaidi ni ya saba: "Popote litakapoota kangaga chini ya mamlaka hii, mahali hapo ni bustani ya umma; mtu asiingie bila idhini ya mtunza bustani, na akiingia avue viatu."

Karani wa kamati, ambaye ni mjukuu wangu ingawa aliajiriwa kwa sifa zake, aliinua kalamu. "Popote kabisa, babu?"

"Kazini mimi ni Mwenyekiti."

"Popote kabisa, babu Mwenyekiti?"

"Popote. Sheria haiweki mguu mmoja ndani na mmoja nje."

Mtunza bustani alikuwa mama mmoja aliyeitwa Bi Kivuli, kwa kuwa alilikwepa jua kama mimea yake. Siku ya ukaguzi nilikuta makangaga yamepangwa kwa urefu, na mashina yamefunikwa majani yaliyooza ili udongo usikauke. Nilikiri moyoni kwamba yanapendeza. Sikukiri kwa maandishi. Kisha nikageuza jani. Chini yake palikuwa na madoa ya kahawia, mstari kwa mstari, kama upele uliokwenda shule.

"Bi Kivuli, mimea ya umma ina ukurutu."

"Si ukurutu, mzee. Kangaga halina ua wala tunda. Linazaa kwa vumbi la hayo madoa. Likidondoka penye giza na maji, linaota."

"Mimi nimesoma zama ambazo mwalimu alikuwa na fimbo mbili, na hatukuambiwa kwamba kangaga linazaa kwa vumbi."

"Labda lenyewe liliona haya kuwaambia, mzee."

Watumishi walitazama vidole vyao vya miguu. Kamati iliketi dakika nne na kuazimia kwa kauli moja, ambayo ilikuwa yangu: madoa yafutwe kwa kitambaa, jani baada ya jani, vumbi lake litiwe katika bahasha kama kielelezo, na doa jipya likionekana, Bi Kivuli, anayesomesha watoto watatu peke yake, aachishwe kazi.

Alifuta wiki mbili. Majani mapya yakachipua, na madoa yake. Nikaandika barua ya kumwachisha. Ilihitaji mihuri mitatu, na kwetu muhuri wa tatu huchukua miezi mitano.

Muda huo wote bahasha zilikaa ofisini kwangu, juu ya kabati lililo nyuma ya kiti, chini ya bomba linalovuja ambalo nimeliombea fundi kwa barua kumi na tisa. Mapazia yangu hayafunguliwi; cheo hakianikwi juani.

Muhuri ulipopatikana, nilimwita. Aliingia, lakini hakuitazama barua. Alitazama juu ya kichwa changu.

"Hongera, mzee," alisema.

Katika ukoo wetu hatugeuki nyuma, ila siku ile niligeuka. Bahasha zilikuwa zimelowa na kupasuka. Kuanzia kwenye kabati hadi kwenye picha ya baba yangu, ukuta ulikuwa kijani kibichi, na makangaga machanga yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga.

"Kwangua hayo," nikamwamuru karani aliyekuwa mlangoni.

"Siwezi, Mwenyekiti." Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitaja kwa cheo bila kuombwa. Alifungua daftari. "Kanuni ya saba. Hapa ni bustani ya umma. Na umevaa viatu."

"Niliitunga mimi."

"Kwa mkono wako. Ukasema popote."

"Basi huyu akishaondoka, nani atatoa idhini?"

"Hakuna. Hutaingia tena, hata kuchukua kofia."

Niliitazama barua yenye mihuri mitatu. Nikaikunja mara nne, nikaitia mfukoni.

Bi Kivuli alingoja hadi nilipomaliza. "Viatu, mzee," alisema kwa upole.

Sasa ufunguo uko kwake. Meza yangu imewekwa kwenye ujia, jirani na msalani, na Jumanne naruhusiwa kuingia dakika kumi, miguu peku, kumwona baba. Makangaga yamemwotesha ndevu. Zinampendeza kuliko alivyopenda kupendeza.

Nanyi vijana mnaopita hapa mkinong'onezana, tegeni masikio. Kanuni hutungwa kama tulivyozitunga sisi: nzito, zilizonyooka, zisizo na mwanya. Yangu haina mwanya. Nimeutafuta miezi minne. Zingatieni.