Nilivyokiri Makosa Yote Shuleni kwa Ornella

Leo nimejianika mwenyewe mbele ya watu, na kipaza sauti nilikishika kwa mikono yangu miwili.

Jana jioni mdogo wangu Ornella, kitinda mimba wetu, wa darasa la sita, aliniambia kwamba kesho saa nne direkta, mwalimu mkuu wao, ananiita shuleni. Nikamuuliza amefanya nini. Akasema, "Utaona mwenyewe," akaingia chumbani. Mnaonijua mnajua kwamba Ornella nimemlea mimi tangu wazazi watutoke, na kwamba mimi shule niliiacha njiani ili yeye asiiache. Mara ya mwisho kuitwa na direkta nilikuwa mwanafunzi. Niliporudi nyumbani sikuwa mwanafunzi tena.

Kwa hiyo asubuhi nikafunga kibanda changu cha kushonea hapa Mutakura, nikatoka mbio. Njia nzima nawaza kosa ni lipi. (Shida ni kwamba makosa yalikuwa kadhaa, na yote yalikuwa yangu.) Nikaamua: nitakiri kabla sijaulizwa, maana anayekiri mapema husamehewa. Mtoto asifukuzwe kwa ajili yangu.

Nafika, wananielekeza chumba kikubwa. Kimejaa wazazi, karibu wote akina mama, wamependeza. Nikafarijika kidogo: kumbe watoto walioharibu ni wengi. Ukutani kuna karatasi nyekundu zilizokatwa umbo la moyo. Niliziona. Niliziangalia kabisa. Mtu mwenye akili angekumbuka leo ni tarehe ngapi. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kuomba msamaha, na utepe wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni.

Direkta akasalimia watu, kisha akasema tunaanza na mlezi wa Ornella, apite mbele. Nikapita. Akanitazama kwa upole, ule upole wa daktari aliyeficha sindano.

"Dezire, mutoto ametuandikia habari zako. Tunajua yote unayofanya pale nyumbani."

Yote! Akanipa kipaza sauti nisalimie wazazi. Sikusalimia mtu.

"Madamu, ni kweli. Ile sare si kitambaa chenu. Ni pazia la marehemu mama. Rangi ilikuwa karibu sawa, nikashona."

Akajaribu kusema kitu. Nikamwinulia mkono. "Apana, Madamu, niache nimalize."

Nikaendelea. Nikasema kwamba zile siku mbili nilizotuma habari kuwa Ornella ana malaria, hakuwa na malaria. Nilikuwa nimemsuka nywele mwenyewe, upande mmoja ukatoka kama pembe ya mbuzi, akakataa kutoka nje mpaka nifumue. Nikasema kwamba yale maoni ya mzazi kwenye ripoti ya alama anayaandika yeye Ornella, kwa sababu Kifaransa changu kiliishia njiani pamoja na shule. Mimi naweka sahihi tu.

"Mutoto hana kosa. Kama ni kufukuza, munifukuze mimi."

(Wanifukuze wapi? Mimi si mwanafunzi. Lakini nilikuwa nimeshasema.)

Halafu mama mmoja wa mstari wa mbele akaingiza uso ndani ya mkoba wake, mabega yakaanza kutikisika. Baada ya hapo chumba kizima kikaangua kicheko. Nikaona walimu wamesimama na maua ya karatasi. Nikaanza kuelewa, polepole, kama mtu anayegundua amevaa suruali kinyume katikati ya soko.

Direkta akafuta machozi. "Dezire, leo ni siku ya wapendanao. Hapa kila mwaka mutoto wa darasa la sita anaita mutu anayemupenda, anamusomea barua ya kumushukuru. Basi."

Ornella alikuwa ameshafika pembeni yangu na karatasi yake. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Madamu, siko na cha kusoma. Amekwisha kuyasema yote."

Akanigeuzia karatasi. Ni kweli. Pazia limo. Nywele zimo, na ile pembe ameichora kabisa, kwa rangi. Mambo niliyokuwa naombea msamaha, yeye alikuwa ameyaandika ya kushukuru. Isipokuwa moja.

"Ile ya maoni nilikufichia," akaninong'oneza. Kipaza sauti kilikuwa bado kidevuni pangu. Watu wote wakasikia.

"Hiyo tuliijua," akasema direkta. "Hakuna muzazi anayemusifu mutoto wake vile."

Chini ya karatasi ulibaki mstari mmoja ambao sikuwa nimeuharibu. Ornella akausoma haraka haraka, bila kuinua macho: "Wenzangu wameita mama. Mi nimeita kaka, na sikukosa wa kuita."

Hapo nikafuta macho kwa utepe wa kupimia. (Haufuti. Msijaribu.)

Nimerudi kibandani na ua la karatasi. Mama wawili wamenifuata mpaka geti la shule, wananiuliza kama yale mapazia yamebaki, maana sare imekaa vizuri. Nimejifunza kwamba kabla ya kukiri ni heri kuuliza leo ni siku gani.

Kesho ni zamu ya nywele. Anayejua kusuka aje anifundishe. Anayetaka kucheka, achekee hukohuko kwake.