Wiki Mbili za Kuishi Neno

Jumatatu, 8 Septemba

Jana baada ya ibada Mchungaji Matilda alitangaza kwamba Mzee Aaron anahamia Mbeya. Maana yake kikundi chetu cha Biblia cha Jumatano kitabaki bila kiongozi. Miaka kumi na moja nimesubiri yule mzee ahamie mahali popote.

Kiongozi mpya atatangazwa Jumapili ya tarehe 21. Mchungaji alisema hatafuti mtu anayejua maandiko kwa kichwa, anatafuta anayeyaishi. Aliposema "kwa kichwa" aliniangalia mimi. Nilifurahi. Halafu njiani nikaanza kuwa na wasiwasi.

Mpinzani ni mmoja tu. Allan, fundi redio, anayefanya kazi chini ya ngazi za jengo moja Mtaa wa Msimbazi. Mtu mwema, nakubali. Lakini wiki iliyopita alimtafuta Habakuki kuanzia Ufunuo kurudi nyuma.

Mpango: kuishi maandiko wiki mbili mfululizo, mahali penye watu.

Nimemweleza mke wangu Ndeshi. Akauliza, na baada ya hizo wiki mbili? Sikuelewa swali lake.

Jumamosi, 13 Septemba

Jumatano tulisoma Luka. Yesu anasema ukialikwa harusini usikimbilie kiti cha mbele. Kaa nyuma, ili mwenyeji aje akwambie rafiki, sogea huku, nawe uheshimiwe mbele ya wote. Mchungaji alisema hilo ni somo la unyenyekevu. Mimi niliona ni maelekezo kamili, hatua kwa hatua.

Leo Mzee Aaron alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, ukumbi mmoja wa Msimbazi. Nilivaa suti ya kijivu. Kadi yangu na Ndeshi ilisema meza ya nne. Nikamwacha Ndeshi hapo, nikapita taratibu katikati ya ukumbi ili nionekane, nikaenda kukaa nyuma kabisa, kati ya mlango wa jikoni na spika.

Saa nane mpaka saa kumi na moja. Hakuja mtu. Mara mbili mshereheshaji alinyoosha mkono upande wangu, na mara mbili nikainuka nusu. Mara zote mbili alikuwa anamwita mpiga picha.

Halafu spika ikaanza kukoroma. Kumbe Allan naye alikaa huku nyuma, amefichwa na nguzo. Akaja na bisibisi, akaifungua, akaitengeneza. Mzee Aaron akatoka meza kuu mwenyewe. Nikafunga kifungo cha koti. Akanipita.

"Wewe unakaa huku kwa nini, mwanangu?" akamwambia Allan. "Hebu njoo mbele."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Allan alikwenda akifuta mikono kwenye suruali. Akakaa meza ya nne. Kwenye kiti changu, karibu na Ndeshi.

Pilau ilipotufikia huku nyuma nyama ilikuwa imeisha. Sikio la kushoto bado linalia.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo nimefunga. Mathayo anasema ukifunga usikunje uso kama wanafiki. Jipake mafuta kichwani, unawe uso, watu wasijue. Tatizo ni hilo la watu wasijue. Nikalitatua hivi: nitajipaka mafuta mengi mpaka waulize. Wakiuliza, si mimi niliyesema.

Nimefika dukani kwangu Gerezani, ninapouza vipuri vya magari, nang'aa. Mpaka saa nne vumbi la gereji zote za mtaa lilikuwa limehamia kichwani kwangu. Mteja wa kwanza aliniuliza kama nilikuwa chini ya gari. Wa pili hakuuliza kitu, alinunua kioo cha pembeni akaondoka haraka.

Jirani yangu Ghanshyam, anayeuza beringi duka la pembeni, hakushangaa kabisa. Nikampa muda. Mwishowe nikamwambia kwamba wengine leo hatuli, kwa sababu za kiroho. Akasema pole, na kwamba jua ni kali, nikae kivulini. Mkewe Lalita ndiye aliyeniambia baadaye, kwa bahati tu, kwamba Ghanshyam hali kitu kila Jumatatu mpaka jua lizame. Tumepakana miaka tisa. Hajawahi kusema.

Taarifa hiyo ilinivunja nguvu. Saa nane nikaingia nyuma ya makasha ya taa na kachori tatu. Ya pili ikiwa mdomoni, nikasikia hodi. Mchungaji Matilda, taa ya nyuma ya gari lake imeungua.

Hakujua chochote. Angenunua taa akaenda zake. Lakini nilimwona anatazama shavu langu, nikaogopa atafikiri vibaya, nikamwambia, "Mchungaji, leo nimefunga."

Akaniangalia kidogo. Akasema, "Haya. Mimi nahitaji ya kushoto."

Jumatano, 17 Septemba

Kikundi. Leo somo ni lile la mtu aliyepeleka sadaka madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane naye. Mchungaji akauliza nani kati yetu amewahi kufanya hivyo. Tukainamia Biblia zetu. Ndeshi akauliza kwa nini anatumwa yule aliyekosea, na si aliyekosewa. Allan naye akauliza, na kama yule mwingine haji? Mchungaji akasema basi anza wewe.

Mimi nilikuwa nawaza jinsi jambo hili litakavyopendeza kanisani.

Hapa niandike jambo ambalo Ndeshi halijui. Miaka sita iliyopita, mlango wa pili wa duka langu wa sasa ulikuwa fremu ya Allan. Nilihitaji nafasi. Nikamwambia Mzee Abdulhadi, mwenye jengo, kwamba Allan anahamia Upanga ila anaona aibu kumuaga. Haikuwa kweli. Mzee Abdulhadi akanipa mimi mlango. Allan akarudi kutoka kumzika mama yake Same, akakuta vitu vyake vimepangwa vizuri nje. Ndipo akaenda chini ya ngazi.

Hajui. Na sioni faida ya kumjulisha leo.

Mpango wa Jumapili: nakwenda na bahasha ya sadaka, nasimama ghafla, naiweka kwenye ngazi ya madhabahu, namwendea Allan na kumsamehe. Mwaka jana alikaa na redio yangu miezi miwili. Hiyo inatosha.

Jumapili, 21 Septemba

Nimefanya. Niliweka bahasha chini, nikashika kifua, nikageuka. Kwaya ikanyamaza yenyewe. Nikamwendea Allan, aliyekuwa pembeni anashika waya wa kipaza sauti kilichokuwa kinasumbua.

"Ndugu Allan," nikasema kwa sauti, "nimekusamehe kuhusu redio."

"Redio ipi?"

"Ile iliyokaa kwako miezi miwili."

"Ah. Unisamehe sana, Eliasi. Nilikosa kifaa chake." Akatazama chini. Kisha akasema polepole, kama anayesema na mimi peke yangu, "Na ile ya fremu nilishakusamehe. Mzee Abdulhadi aliniambia mwaka uleule. Nilikuwa nasubiri tu uje."

Alisema polepole. Lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi, na alikuwa ameshakitengeneza.

Watu mia mbili. Nilimwona Ndeshi akigeuza uso kutoka kwa Allan kuja kwangu. Maandiko yote ninayoyajua kwa kichwa yakanikimbia.

"Niliongopa," nikasema. "Ulikuwa unamzika mama, mimi nikaongopa."

"Najua, kaka," akasema Allan, akanikumbatia. Alinukia waya wa kuchomelea. Nikalia. Naandika ukweli: sikuwa na mpango wowote pale, na sikuangalia nani ananiona.

Baadaye niliangalia. Walikuwa wengi.

Baada ya sadaka Mchungaji akamtangaza kiongozi. Alisema alimwomba Allan kwanza, Allan akakataa, akasema kazi yake ni kupanga viti. Kisha akasema kuna mtu ambaye kila Jumatano huuliza swali moja tu, na swali hilo humfuata yeye nyumbani wiki nzima.

Ndeshi.

Alhamisi, 25 Septemba

Mambo mengi. Jumatatu asubuhi Ndeshi alikuja dukani, akahamisha rafu ya vioo kutoka mlango wa pili kwa mikono yake mwenyewe. Hakuniuliza. Ghanshyam akamsaidia, na njaa yake. Mzee Abdulhadi akaja, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akamkabidhi Allan ufunguo wa mlango wa pili. Allan ameshafungua. Jana alinitengenezea redio nyingine bila kuombwa.

Jana pia Ndeshi aliongoza kikundi mara ya kwanza. Walikuja watu wapya tisa. Nilipanga viti na Allan.

Lakini kuna jambo nimeligundua. Tangu Jumapili, kila anayepita dukani anamsalimia Allan kwa mikono miwili. Kina mama wanamletea vitumbua. Mchungaji alimtaja jana kwenye kikundi. Na yote hayo ni kwa nini? Ni kwa sababu alikosewa, akasamehe. Siku zote hizi nilikuwa upande usio sahihi wa jambo. Heshima iko kwa aliyekosewa.

Kwa hiyo sasa ninachohitaji ni mtu wa kunikosea. Kosa la wastani, lenye mashahidi.

Leo saa saba nimekwenda kituo cha mabasi ya mwendokasi Gerezani, nikasimama kwenye foleni ndefu kuliko zote, nimevaa viatu vyangu vyeupe, mguu mmoja nimeutoa nje kidogo ili ukanyagwe. Dakika arobaini. Wawili waliuruka. Mmoja aliniomba radhi kabla hajafika. Mama mmoja mwenye mizigo miwili akanipisha nitangulie, akisema baba yangu, unaonekana umechoka.

Nimemkatalia. Nimerudi nyuma kabisa ya foleni na kuutoa mguu wote.