Nyama Iliyotolewa Jongo

Tunduma kuna wanaovusha mahindi, kuna wanaovusha sabuni, na alikuwepo Danford, aliyekuwa akivusha maneno. Maneno hayalipiwi ushuru, hayaozi njiani, na askari wa mpakani akiyapekua haoni kitu. Miaka hiyo ya simu za tochi kijana alikuwa anaishi vizuri tu, ila alikuwa na donda moja moyoni, na donda lenyewe liliitwa Eva.

Eva alikuwa binti wa kijiji cha Isansa, na baba yake, mzee Tuntufye, hakutaka maneno. Alitaka mtamba.

"Nitakupa hela, baba," Danford alijaribu.

"Hela zako sijui zimetoka wapi. Ng'ombe hata akitoka kubaya anatoa maziwa. Krismasi ikikukuta huna mtamba, basi tena. Kuna mwalimu ameshapiga hodi."

Danford alimpenda Eva kwelikweli, na hilo tulitaje mapema, maana ndilo jambo pekee la kweli alilokuwa nalo mfukoni.

Jumamosi moja alikuwa amesimama nje ya bucha, akila harufu, ndipo akamwona mzee Nkwabi. Nkwabi alikuwa Msukuma mwenye kundi kubwa bondeni Momba, na pembeni ya mji alikuwa na nyumba na zizi la ng'ombe wachache wa maziwa. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu. Wa kushoto ulikuwa na kandambili iliyokatwa mbele, na kidole gumba kimevimba, chekundu kama nyanya mbivu. Mkono mmoja umeshika fimbo, mwingine umeshika tumbo, na kwa hali hiyo alikuwa anaagiza maini.

"Na figo uongeze," alimwambia muuza nyama.

"Baba Makene," alisema mkewe, mama Conjesta, "daktari alisemaje?"

"Daktari ana ng'ombe wangapi?"

Danford akasogea. Fursa ikipita na fimbo haipiti haraka, lakini nayo hupita.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Samahani, hilo ni jongo, ule ugonjwa wa wapenda nyama."

"Marahaba. Umejuaje?"

"Linanichungulia hapo kwenye kandambili." Danford alishusha sauti kama mchungaji anayetaka kutangaza msiba. "Baba, wamekuonea. Nyama haina kosa. Kosa ni la jongo lililomo ndani ya nyama. Kule Nakonde yuko mama anajua kulitoa. Nyama inaingia na jongo lake, inatoka haina. Unakula, tumbo halijui, kidole hakijui."

Nkwabi alimeza mate. Mama Conjesta alimtazama Danford juu mpaka chini, taratibu, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani asiye na mpango wa kumnunua leo.

"Mpe, baba Makene," alisema. "Mpe yote. Na ya wiki ijayo mpe."

Tapeli anayekubaliwa upesi namna hiyo angejiuliza swali. Danford hakujiuliza, alikuwa anayatazama maini.

"Kijana," Nkwabi alisema, "siku nitakayotembea bila fimbo mpaka zizini, nakupa mtamba. Lakini baba yangu alituachia mwiko. Mtamba wa shukrani hapakiwi kwenye gari, hatumwi mtu, hafuatwi kesho. Unashika kamba mwenyewe, unatoka naye kwa miguu yako, huketi mpaka mmevuka kijito. Ukiketi, ng'ombe amekukataa."

"Miguu ninayo, baba," Danford alicheka.

Basi kila Jumamosi furushi la nyama lilivuka mpaka hadi Nakonde, kwenye banda la Ruti, mchoma nyama.

"*Mulishani*, Danny?" Ruti alimsalimu kwa Kibemba.

"*Bwino*, mama. Choma yote."

Jumapili alirudisha vipande vichache vyeupe vya kuchemshwa, vigumu mno hata mbwa wa Nkwabi aliwahi kukirudisha kimoja.

"Mbona imekuwa kidogo?" mzee aliuliza.

"Jongo ni zito, baba. Likitoka, nyama lazima ipungue."

"Na maini?"

Danford alitikisa kichwa kwa huzuni. "Maini yalikuwa jongo tupu."

Mama Conjesta hakubisha hata siku moja. Kinyume chake, alikuwa na maswali ya mwanafunzi mzuri.

"Mwanangu, na supu ya utumbo, ina jongo?"

"Tele, mama."

Akamfungia kwenye chupa ya chai.

"Na haya makreti ya bia ya baba yako?"

Danford aliona mbingu zinafunguka. "Mama, bia ndiyo mzazi wa jongo."

Akamtwisha makreti. Juu yake akaweka kopo la pilipili ya kusaga, akisema na hiyo inawasha tumbo la mzee, aende nayo ikatolewe huko huko.

Nyumba ilipobaki haina cha kutafuna, mama Conjesta akapika. Asubuhi uji laini wa ulezi. Mchana viazi vya Ibaba vilivyopondwa na mtindi, na boga pembeni. Jioni ndizi za kupika na parachichi, halafu papai, na mtungi wa maji mzee akiambiwa amalize. Wiki ya kwanza Nkwabi alinuna. Ya tatu aliomba aongezewe boga. Kiungulia kikamtoka, akalala usiku mzima, kidole kikaanza kusinyaa. "Ile nyama iliyotolewa jongo kiboko!" aliwaambia majirani, ingawa vipande vyenyewe alikuwa anavificha chini ya mkeka.

Danford naye alinenepa. Ila asubuhi moja kidole gumba cha kushoto kilimuuma. Akalaumu kiatu. Kesho yake akalaumu shuka, maana likigusa tu alipiga kelele. Tumbo likawaka moto, ukapanda kifuani mpaka kooni. Akalizima kwa bia ya mzee, na mishikaki miwili kusindikizia.

Wiki moja kabla ya Krismasi Nkwabi akapiga simu. "Njoo, kijana. Natembea!"

Danford alimwalika mzee Tuntufye aje ashuhudie, kisha yeye mwenyewe akafika kwa bodaboda, mguu wa kushoto ukiwa kwenye kandambili aliyoikata mbele kwa kisu. Uwanjani Nkwabi alitupa fimbo, akatembea mpaka zizini, akarudi akitembea, halafu akaenda tena bila sababu yoyote. Akatoa mtamba mwekundu, mzuri, macho kama amepakwa wanja.

"Shika kamba. Kijito kile pale."

Danford alishika. Akakanyaga mguu wa kulia, vizuri. Akakanyaga wa kushoto.

"Mama yangu weee!"

Mtamba akatazama nyuma. Danford akamwona Tuntufye pale kwenye uzio, akamfikiria Eva, akauma meno, akakanyaga tena. Jasho lilimtiririka. Aliruka kwa mguu mmoja mpaka kwenye mgomba, na hapo mtamba, aliyeona majani mabichi upande wa pili, alivuta kamba kidogo tu, wala hakuwa na nia mbaya. Danford akaketi.

"Amekataa," alisema Nkwabi kwa masikitiko ya kweli, akamrudisha mtamba zizini.

"Baba, kidogo tu! Baba Tuntufye, nampenda Eva, wallahi nampenda!"

"Najua," Tuntufye alisema, akivaa kofia yake. "Lakini yule mwalimu anatembea vizuri." Akaenda zake.

Danford alibaki chini ya mgomba analia, nusu kwa kidole, nusu kwa Eva. Mama Conjesta akaja na bakuli la viazi na mtindi, akachuchumaa mbele yake.

"Mwaka mzima nilimwomba huyu mzee aache nyama, hakusikia," alisema kwa sauti ya chini. "Ulipokuja kumwibia, nikamshukuru Mungu. Kula, mwanangu. Hakuna pilipili."

Danford alikula. Kilikuwa chakula kitamu, na hilo lilimuuma zaidi.

"Na harusi ya Eva ukialikwa," mama Conjesta aliongeza, akipokea bakuli tupu, "ile nyama yako niletee mimi. Nitakutolea jongo."