Saba Toa Tano

Jamani, leo nimeadhirika mchana kweupe. Nawaandikia ninyi niliosoma nanyi chuo cha ualimu kwa sababu habari mtazipata tu, na heri mzipate kwangu kabla Kisarawe nzima haijazitia chumvi.

Mnajua bado sijathibitishwa kazini. Leo alikuwa anakuja mkaguzi wa Fizikia kuniangalia nikifundisha, kisha aandike ripoti. Ama nithibitishwe, ama niendelee na majaribio.

Silaha yangu ilikuwa moja: mimi sisahihishi jibu, nasahihisha njia. Mwanafunzi anionyeshe alivyofikiri, hatua kwa hatua. (Nilijitapa hivyo kwenye mkutano wa walimu. Mara mbili.)

Juzi niliwapa Kidato cha Kwanza jaribio, kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Gari limeondoka Kisarawe 11 asubuhi, limefika Maneromango 1 mchana, umbali kilomita arobaini. Tafuta mwendo wake kwa saa.

Binti mmoja, Zuhura, mtoto wa wakulima wa hukohuko Maneromango, aliandika: 7 − 5 = 2. Kisha kilomita ishirini kwa saa. Jibu sahihi kabisa. Lakini saba na tano hazimo kwenye swali! Nikajua ameangalizia jibu kwa jirani, akatafuta tarakimu za kulifunikia. Nikamchapa sifuri kwa wino mwekundu. (Waliotoa 11 kwenye 1, gari lao likafika kabla halijaondoka, niliwapa maksi mbili kila mmoja. Za njia.)

Mkaguzi akaja. Mtu mzima, mkimya, akakaa nyuma. Nilifundisha vizuri, sijisifu. Halafu akaomba karatasi za jaribio, akawa anazifunua moja moja. Mwishowe akainua moja.

"Ndugu Mwalimu, huyu amepata jibu, umempa sifuri."

Hapo ningenyamaza. Wapi! Nilisimama nikalihutubia darasa zima juu ya njia, juu ya kufikiri, juu ya watu wanaookoteza tarakimu.

"Yuko wapi mwenyewe?"

"Yuko shamba la shule, Ndugu Mkaguzi. Nimempa matuta matatu kwa udanganyifu."

"Aitwe."

Zuhura akaja, mikono imejaa udongo, akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Saba na tano umezitoa wapi?"

Akanitazama mimi kwanza, kwa woga. "Gari la kwetu hilo, mzee. Linatoka saa tano, linafika saa saba. Ile kumi na moja ni saa ya Kizungu. Nimeigeuza kwanza, ndiyo nikatoa."

Bado nikajitutumua. "Lakini kwenye swali hakuna saba wala tano."

Mkaguzi hakubishana. "Sasa hivi saa ngapi, Mwalimu?"

Nikatazama mkononi. "Saa nne, mzee."

"Hebu njoo." Akanishika mkono wa saa, akaugeuzia darasa. "Mshale mfupi uko kwenye ngapi?"

Darasa zima likajibu, "Kumi!"

"Basi nne ameitoa wapi?"

Walicheka hadi dawati moja likaanguka. Zuhura naye alijiziba mdomo kwa kiganja chenye udongo. Miaka yote hii natazama kumi nasema nne, na sijawahi kumwonyesha mtu hatua hata moja. Niliona haya hasa, si kwa kuchekwa tu, bali kwa kumwita mtoto wa watu mwizi wa jibu wakati yeye peke yake ndiye aliyefikiri.

Nikaifuta sifuri, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Kisha, kwa sauti ya mgonjwa, nikamwuliza mkaguzi habari ya kuthibitishwa.

"Nitarudi muhula ujao," akasema, akifunga mkoba. Akamgeukia Zuhura. "Matuta yamebaki mangapi?"

"Mawili, mzee."

"Mwalimu atayamalizia."

Basi mwandiko huu msiushangae, viganja vimetoka malengelenge. Nimelima moja. Anayetaka kunicheka, karibu sana Kisarawe, lile jingine bado.