Kibuyu cha Rodah Chaenda Bombay

Jumatano, 13 Agosti 2025

Mureithi amerudi kutoka Mombasa. Picha arobaini na sita kwenye grupu la wanaume wa kanisa! Mureithi na ngamia. Mureithi na dafu. Mureithi na kaptura, magoti nje, mtu mzima mwenye duka la misumari hapa mjini Bomet. Sasa kila mtu anamwita Mtalii. Hata pasta! Mimi niliyeheshimiwa kwa kufika Nairobi mara tatu, hakuna anayenikumbuka.

Haiwezekani.

Kimeli wa bodaboda ameniambia kwamba Jumamosi Wahindi wa Kericho wana sikukuu hekaluni kwao. Ni siku aliyozaliwa Krishna, mungu wao. Kila mtu anakaribishwa na chakula ni bure. Maua, sari, ngoma. Nikamuuliza kama mtu akipiga picha huko itajulikana ni Kericho. Akasema ukificha mashamba ya majani chai, haijulikani.

Basi nimeamua. Jumamosi naenda India. Peke yangu, asubuhi kwenda, jioni kurudi.

Alhamisi, 14 Agosti

Maandalizi. Wanaume nimewaaga kwenye grupu: ndege ni kesho. Mke wangu Rodah nimemwambia kwamba Jumamosi nitakuwa Longisa hospitalini kumwona rafiki yangu Kipkirui, aliyevunjika mguu. Si uongo kabisa. Kipkirui yuko Longisa kweli, na mguu umevunjika kweli. Na Rodah hayumo kwenye grupu la wanaume. Nimefikiria kila kitu.

Kimeli ameleta habari zaidi. Eti huyo Krishna akiwa mtoto alipenda sana maziwa ya mgando, hata akawa anayaiba kwa majirani. Nimeshtuka. Mungu, kuiba! Lakini nimeelewa jambo moja. Mgeni atakayefika na mursik, maziwa yetu Wakipsigis ya kugandishwa kibuyuni, atawekwa mbele, palipo na picha nzuri.

Mursik ipo stoo, kwenye kibuyu cha Rodah, kile alichopewa na mama yake siku ya harusi, chenye shanga za buluu shingoni. Tatizo ni dogo tu. Inamngoja mama mkwe, anayekuja Jumapili kutoka Sigor, na kwetu hanywi kwa chombo kingine. Si kitu. Nitaimimina Kericho, nitarudisha kibuyu jioni, nitajaza mursik ya sokoni. Nani atajua?

Jumamosi, 16 Agosti

Nitaandika yote.

Nilifika saa nne. Mlangoni wakasema vua viatu. Nikavua. Soksi ina tundu, kidole gumba chote nje! Mbele ya akina mama waliovaa dhahabu! Nikasimama mguu mmoja juu ya mwingine kama nusu saa.

Nikatuma picha ya kwanza. Maua, sanamu, mimi. Nikaandika: Bombay, joto kali sana. Mureithi akajibu mara moja: "Boss, mbona hao watu wa Bombay wamevaa sweta?" Nikamwambia hii ni Bombay ya milimani.

Kisha nikapeleka kibuyu jikoni. Mama mmoja anayeitwa Hansa, Kiswahili chake kinashinda changu, akauliza kama ni cha sherehe. Nikatoa kifua nje, nikasema ndiyo, ni cha sherehe, chote. Akapiga makofi! Akawaita wenzake! Kumbe chungu chao cha udongo kilikuwa kimepasuka njiani, na walikuwa hawajui la kufanya.

Nikaona kibuyu changu kinavishwa maua. Kinafungwa kamba. Kinapandishwa juu, juu kabisa, katikati ya uwanja, kila mtu akione. Kwenye spika wakatangaza: Bwana Bethwel kutoka Bomet! Nikapunga mkono. Machozi yalinilenga, sitaficha. Nikatuma picha: Kibuyu cha Wakipsigis chaheshimiwa Bombay. Hiyo ndiyo dakika tamu kuliko zote maishani mwangu, na ilikuwa dakika moja tu.

Kwa sababu nilimuuliza Mama Hansa watakiteremsha saa ngapi tunywe. Akasema hakiteremshwi. Kinavunjwa.

Kinavunjwa!

Akanieleza polepole, kama anayeongea na mgonjwa. Vijana wanapandana mabegani mpaka wakifikie, wanakipasua, maziwa yanawamwagikia, wote wanafurahi. Ndivyo Krishna alivyofanya. Kumwaga maziwa kwa makusudi! Kuvunja kibuyu cha mtu! Nikapiga kelele kwamba hicho ni cha mke wangu. Ngoma zikanimeza. Vijana walikuwa wameshapanda safu ya pili.

Ilibaki njia moja. Nikapanda.

Nilikanyaga mabega, nikakanyaga sikio la mtu, nikafika. Nikakikumbatia kibuyu kwa mikono yote miwili ili asikiguse mtu. Watu wakapagawa. Bomet! Bomet! Nina kilo tisini na mbili. Kamba haikujua hilo.

Kilitangulia kibuyu, nikafuata mimi.

Nilipofumbua macho nilikuwa na mursik mpaka masikioni, na mkononi nimeshika shingo ya kibuyu na shanga zake. Vigelegele! Nimeshinda! Wamenipa boksi la peremende.

Jumapili, 17 Agosti

Aibu imeanzia kanisani. Pasta amewaomba watu wote wasimame wamshukuru Mungu kwa kumrudisha salama ndugu Bethwel kutoka ng'ambo. Nikasimama. Ningefanya nini? Ndipo Mureithi akainua simu. Kuna mtu Kericho alirekodi video! Sauti ikajaa kanisa lote: Bwana Bethwel kutoka Bomet, Kericho inakupenda! Kisha PAA. Wakati huohuo simu yangu ikalia. Ni Kipkirui, kwa sauti ambayo hata Rodah aliisikia, anauliza nitamletea lini ndizi nilizomwahidi.

Nilimtazama Rodah. Afadhali nisingemtazama.

Saa nane mama mkwe alifika, akaketi, akaomba mursik. Nikaleta vipande kwenye mfuko wa karatasi. Alizigusa shanga moja moja. Akasema mbegu ya kibuyu hicho aliipanda kwenye ua wake mwaka ambao Rodah aliposwa. Mvua ya mawe ilipiga vyote, kikabaki hicho kimoja. Rodah akalia. Hapo niliona aibu ya kweli. Kwa miaka kumi na tisa Rodah amekiosha kwa mikono yake, na mimi nilikiangusha kwa mikono yangu.

Mama mkwe hasemi nami moja kwa moja, ni heshima ya kwetu. Alimwambia Rodah aniulize kama maziwa yalipotea chini. Nikasema hapana, watoto waliyakinga kwa viganja, wakayalamba, wengine wakajipaka kichwani. Akasema hao ni watu wanaojua maziwa. Kilichomwuma ni kingine: pasta alimpigia simu aiombee safari yangu, naye akawatangazia Sigor nzima kwamba mkwe wake yuko India, na wakafunga siku nzima kuiombea ndege.

Kisha akatoa kibuyu kipya begini. Akampa Rodah, pamoja na kufuli.

Jumatatu, 18 Agosti

Kufuli liko mlangoni mwa stoo. Ufunguo uko shingoni mwa Rodah. Nilimpa peremende, akawapelekea mbuzi.

Nimetafakari sana na nimejifunza. Kosa lilikuwa sauti. Safari nyingine nitahakikisha hakuna spika.

Mama Hansa amepiga simu kunijulia hali. Anasema Diwali ni Oktoba, nisikose, siku hiyo ni kuwasha taa tu. Nimemuuliza mara mbili kama kuna kitu kinachovunjwa. Hakuna. Taa tu, nyingi, picha zitang'aa ajabu.

Mama mkwe ana taa ya karabai nzuri sana aliyoachiwa na marehemu mume wake. Nasikia siku hizi inafuka moshi. Nimemwambia Kimeli amfikishie habari kwamba namjua fundi mmoja mwaminifu, yuko Kericho, na nitaipeleka mwenyewe.