Jiko Langu la Uani Litiwe Daraja la Kwanza

Azaiba, Maskati
Jumatatu, baada ya alasiri

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Jumuiya ya Kuandika Mabanda na Majengo ya Kale ya Mashambani,
Uingereza.

(Kwa mkono wa mjukuu wangu Lujain, atakayeifasiri. Lujain, fasiri yote. Usinipunguzie ukali hata chembe.)

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nakuamkia wewe, na mkeo, na wote wanaofuatana nawe mashambani kwenye mvua na futi kamba mkononi. Mimi ni Khole binti Murshid, mjane, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Azaiba tangu Azaiba ilipokuwa mchanga mtupu na ngamia wawili. Nina miaka sabini na mitatu, na tangu niache skuli sijapata kumlalamikia Mwingereza. Leo imebidi.

Mjukuu wangu Lujain alikuja kwenu kusoma. Siku za Jumamosi mkamchukua, mkampa kofia ngumu, mkamfundisha kupima mabanda. Kila wiki ananipigia simu kunihadithia mlichokipima. Nami nimefurahi, wallahi, mpaka wiki iliyopita. Wiki iliyopita mwanangu Khalil, baba yake Lujain, alinitangazia mezani kwamba Jumapili ijayo linakuja buldoza kuvunja jiko langu la uani, apate pahala pa kujenga banda la gari lake la tatu. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri juu ya Jumuiya yenu, na kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyopandwa na hasira. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu banda la nguruwe. Lujain aliniambia kwenye simu kwamba mmeandika banda la nguruwe, nalo lina daraja la pili. Nikashangaa. Nguruwe anataka daraja la nini, anavuka kwenda wapi? Na kama hilo ni la pili, la kwanza liko mto gani? Khalil, ambaye Kiarabu chake kimekimeza Kiswahili chake, akasema mimi sijui kitu, daraja ni kipandio cha ngazi, basi banda lina vipandio viwili. Tulibishana chakula kizima, wali ukapoa. Nyamizi, binti wa Tabora anayenisaidia kazi hapa nyumbani, akasema iwe ni daraja au ngazi, "Bibi, hao wazungu wamekosa kazi." Kumbe wote tumekosea. Lujain akatueleza kwamba hilo ni daraja la cheo: serikali yenu imelitia banda katika orodha yake, na sasa hakuna wa kuligusa, hata mwenyewe. Mheshimiwa, nguruwe wa mwisho ametoka mle kabla mimi sijazaliwa. Banda tupu la nguruwe asiyekuwepo lina cheo, na jiko langu, ambalo leo asubuhi limetoa vitumbua sitini, halina. Naomba unieleze haki iko wapi.

2. Kuhusu umri. Najua utasema banda lile lina miaka mia tatu na jiko langu lina arobaini na tatu. Hesabu hiyo ni ya kwenu, huko ambako kila jiwe ni babu wa mtu. Hapa hesabu ni nyengine. Duka lililo mkabala na nyumba yangu limeshakuwa la mapazia, la simu, la kahawa na la mapazia tena, yote katika miaka mitano. Jengo la miaka arobaini na tatu hapa Azaiba ni kama kasri la wafalme wa kale. Watalii hupita kwa gari kwenda Maskati ya zamani kupiga picha milango na kuta, wakanipita mimi mlangoni na mwiko mkononi, wala hawasimami.

3. Kuhusu alama. Lujain ameniletea picha kumi na moja za boriti moja ya banda. Kumi na moja! Kisa, mtu alichora duara kwa ncha ya kisu ili wachawi wasiingie. Vizuri sana. Na mimi je? Ukuta wangu wa upande wa kibla una nambari za simu zilizoandikwa kwa mkaa: ya muuza gesi, ya dereva wa gari la maji, ya mchinjaji aliyekwishafariki, Mungu amrehemu, na ya fundi wa friji ambaye hajapata kupokea hata siku moja. Chini yake marehemu mume wangu ameandika vipimo vya halua, kisha akavikata, kisha akaviandika tena. Hiyo yote ni historia, na haijapigwa hata picha moja.

Kisha kuna sakafu. Mmeandika kurasa mbili juu ya sakafu ya zizi iliyoliwa na kwato za ng'ombe. Sakafu yangu ina shimo, pembeni mwa mlango, lililochimbwa na mguu wa mbuzi wangu kwa miaka arobaini na tatu. (Lujain, hapa tafadhali fanya kazi yako sawasawa. Waeleze kwamba mbuzi huyu ni wa kukunia nazi, ni kibao chenye meno ya chuma, mtu hukikalia. Mwaka juzi ulimfasiria mwalimu wako kwamba bibi yako kila siku humkalia mbuzi jikoni, nami nikaletewa barua ya watetezi wa wanyama.)

4. Kuhusu lugha. Hili si la mzaha, Mheshimiwa. Nyumba yetu kubwa ina vyumba tisa. Sebuleni watu wanasema Kiarabu. Vyumbani watoto wanasema Kiingereza na simu zao. Kiswahili kina chumba kimoja tu, na chumba hicho ni jiko la uani. Ukivuka kizingiti chake, ulimi unageuka wenyewe. Lujain hakufundishwa Kiswahili na mtu. Alikiokota mle, chini ya meza, huku mimi na Nyamizi tukibishana yeye akisema ugali nami nikisema sima. Wajukuu zangu wadogo wawili wamo njiani kukiokota. Likivunjwa, watakiokota wapi? Chini ya gari la tatu? Nimemwambia Khalil hivyo. Akanibusu kichwa, akasema, "Khalas, mama, basi, nshakuwekea jiko la kisasa ndani, lina viyoyozi viwili." Mheshimiwa, jiko hilo la ndani ni jeupe kama hospitali. Nimelijaribu. Mtu akiingia ananong'ona.

Kwa hivyo basi, nikitumai umeshaguswa, naleta maombi:

Kwanza, mlete watu wenu kabla ya Jumapili, pamoja na ile fimbo yenye rangi nyekundu na nyeupe mnayoisimamisha kwenye picha. Nitawalaza na nitawalisha. Wajue tu kwamba mchana futi kamba ya chuma huku haishikiki kwa jua, wapime alfajiri.

Pili, jiko litiwe daraja la kwanza. La pili sitaki, maana nitawekwa safu moja na nguruwe, na majirani watasikia.

Tatu. Lujain ameniambia sheria yenu inasema kilichoshikamana na jengo hulindwa pamoja nalo. Nimeipokea sheria hiyo kwa furaha kubwa. Tangi la maji limeshikamana na jiko kwa bomba. Mwarobaini umeshikamana na tangi kwa kamba ya kuanikia nguo. Nyamizi ameshikamana na kamba, kwa kuwa kila nikimtafuta namkuta hapo anaongea na simu, na mkataba wake unakwisha mwezi ujao, basi naye alindwe, asibadilishwe wala asihamishwe bila kibali cha maandishi. Mimi mwenyewe nimeshikamana na jiko kwa miaka arobaini na tatu. Naomba niandikwe. Mtu asiniguse, asinipake rangi, asinipeleke kwa daktari wa magoti, asiniambie "mama, pumzika," mpaka kwanza apeleke maombi kwenu na yabandikwe mlangoni siku ishirini na moja watu wote wapate kutoa maoni.

Nne, mkikataa, nitakuja. Nimeshazungumza na wenzangu sita, wanne wa Azaiba na wawili wa Madinat Sultan Qaboos, wote Waunguja, wote na pasi zao tayari. Tutaunda Jumuiya ya Kuandika Majiko ya Waingereza. Tutaingia kila nyumba, na kwako wewe Mwenyekiti tutaanza. Lujain amenidokeza kwamba mchana unakula mkate uliotiwa jibini baridi, umesimama. Tutapima kila pembe, tutapiga picha kumi na moja za birika, na katika ripoti tutaandika kwamba chumba kiko katika hali nzuri sana na hakina dalili yoyote ya kuwahi kupikiwa.

Nimeambatisha ramani ya jiko niliyoichora mwenyewe. Kwa kuwa macho yangu si mazuri, nimempa Khalil aikague vipimo, maana yeye ni mhandisi. Sikumwambia ni ya nini.

Wasalimie wanajumuiya wote, mmoja mmoja, na yule mzee wa shamba aliyempa Lujain mayai, na mama zenu kama wapo hai. Nyamizi anawasalimu, ila anasema bado hajabadilisha maoni yake. Nabaki mimi, mwenye kungoja jawabu kwa adabu na kwa ghadhabu,

Khole binti Murshid

Tanbihi, Ijumaa. Mheshimiwa, kama hujaanza safari, usianze. Kuna balaa.

Khalil aliichukua ramani Jumanne, akarudi nayo akisema ukuta wa kibla hauwezi kuwa nilivyoupima. Nikamwambia nenda kaupime mwenyewe. Akaenda kwa dakika tano, akakaa mpaka magharibi. Jumatano hakwenda kazini. Aligundua ukuta umepinda inchi tatu, na chini ya rangi kuna rangi nyengine nne, na kwenye vipimo vya halua akaujua mwandiko wa baba yake, akakaa chini sakafuni akalia, nami nikalia naye. Buldoza amelifukuza. Nilimshukuru Mungu, nikampikia chai ya tangawizi.

Lakini Alhamisi alitia kamba mlangoni. Sasa nikitaka kuingia navua viatu na naandika jina kwenye daftari. Mbuzi wangu amebandikwa nambari kumi na nne na haruhusiwi kukaliwa. Nyamizi alitaka kufuta ukuta akapigiwa kelele kana kwamba ameiba. Moto ni marufuku, moshi ni marufuku, mafuta ni marufuku kabisa, kwa sababu yanaharibu hali ya asili, na nilipomuuliza hali ya asili ya jiko ni ipi kama si moshi na mafuta, akasema atafanya utafiti. Wajukuu wamekuja, wamechungulia juu ya kamba, wamerudi ndani kwenye simu zao. Tangu jana jikoni hakujasemwa neno, la Kiswahili wala la lugha yoyote.

Kwa hivyo nayafuta yote niliyoyaandika hapo juu. Nakuomba, kwa heshima ya mama yako, umwandikie Khalil barua rasmi yenye mhuri mkubwa, useme Jumuiya imelichunguza jiko hili kwa makini na haikuona thamani yoyote. Mtukane kidogo ikibidi. Barua ije upesi, Mheshimiwa, maana samaki changu watatu nimeshawatia ndimu na kitunguu thomu tangu asubuhi, na hawana pa kukaangiwa.